Breki Inayompiga Jirani

Shemeji yangu ndiye aliyenifundisha kupiga shabaha, na shemeji huyohuyo ndiye aliyenitoa kwenye timu kwa mzaha. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nilimwonea.

Mimi ni mshona mapazia. Miaka ile nilikuwa na cherehani mbili katika chumba cha mbele cha fleti yetu ya ugenini, mtaa wa Overport, na mume wangu alikuwa akiendesha lori la makontena bandarini. Mdogo wake, wakala wa kutoa mizigo, alikaa ghorofa ya kumi na moja kule South Beach, na kila Jumapili tulikula kwake. Mchezo wake mezani ulikuwa mmoja tu. Ananyoosha mkono, ananyakua kipande kikubwa cha nyama kwenye sahani yangu, anasema, "Mke wangu unanenepa, acha nikusaidie." Nampiga kofi mkononi, watu wanacheka. Shemeji ni mtani wako. Akikutania ukanuna, aibu ni yako. Ndivyo tulivyolelewa kwetu Tanga, na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka aliponiumiza nao.

Alitupeleka wote wawili kwenye klabu ya shabaha, nje kidogo ya jiji. Mume wangu alikwenda mara mbili akachoka. Mimi nikabaki. Nilipenda ule utulivu kabla ya kufyatua, wakati huwazi kodi ya nyumba wala pindo la pazia la mtu. Kibali cha ukaazi wa kudumu nilikuwa nacho, kwa hiyo nikasoma, nikafanya mtihani, nikasubiri leseni mpaka nikakaribia kusahau kwamba nasubiri. Mwishowe nikanunua bunduki iliyokwisha tumika, nusu otomatiki, nyepesi mkononi lakini yenye teke la punda.

Klabu ilikuwa na desturi yake. Aliyepata alama za chini kuliko wote siku hiyo anaokota maganda ya risasi ya kila mtu, kwa mkono, mpaka ndoo ijae. Mwaka wa kwanza niliokota mimi. Shemeji alisimama pembeni na kikombe cha chai akisema, "Hata pale umebakiza, mke wangu." Sawa, nilikuwa mwanafunzi. Mwaka wa pili sikuokota tena. Nikaanza kumkaribia kwa alama, na siku mbili tatu nikampita.

Ndipo kamati ikatafuta watu wanne wa kwenda kushindana na klabu za mikoa mingine. Nafasi tatu zilikuwa na wenyewe. Ya nne ilikuwa kati yangu na yeye. Mwenyekiti, Mzungu mstaafu asiyejua utani wetu unaanzia wapi wala unaishia wapi, alimwuliza mbele yangu ananionaje. Shemeji akacheka. "Huyu? Huyu anafumba macho kabla ya kufyatua. Anapiga kwa dua." Wote wakacheka isipokuwa mwenyekiti. Mwenyekiti aliandika. Wiki iliyofuata jina la nne ubaoni lilikuwa la shemeji.

Kwa mpiga shabaha hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Anayefumba macho anaiogopa bunduki yake mwenyewe, na mwoga hapelekwi popote.

"Ulikuwa utani tu, mke wangu," aliniambia ndani ya lifti.

"Basi rudi ukamwambie mwenyekiti kwamba ulitania."

"Aa, yataisha yenyewe."

Mume wangu naye: "Si unamjua mdogo wangu." Ndiyo, nilimjua. Kunitania hakukuniuma sana. Kilichonikaa kooni ni kwamba utani ulipompa nafasi, aliuacha ugeuke ukweli, akanyamaza. Nilimchukia. Nilishona nikimchukia, na vidole vyangu vilichomwa sindano mwezi ule kuliko miaka yote niliyoshona.

Nikamfuata mwenyekiti mwenyewe. Alinisikiliza, akakubali jambo moja: siku ya mwisho wa mwezi, klabu nzima itakapopiga, alama zetu wawili zitalinganishwa upya. Atakayeshinda ndiye atakayekwenda.

Risasi za polepole hazikunitisha. Zile kumi za haraka ndizo zilizoniangusha siku zote. Teke liliurusha mtutu juu, na mpaka niushushe, shemeji ameshapiga mbili. Nilihitaji breki, yaani kile kichwa cha chuma chenye matundu kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ili kitoe pembeni ule upepo wa risasi, na bunduki itulie begani.

Fundi aliyezifunga alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, mkereza vyuma katika karakana iliyokuwa nyuma ya duka la silaha. Alinipangia tatu juu ya kitambaa.

"Mama, hii ya kwanza iko bei kali, two thousand eight. Inatupa upepo mbele, jirani hasikie kitu. Hii ya katikati, twelve hundred, iko bien, iko muzuri. Na hii ya mwisho, four-fifty." Akaigeuza. Matundu yake yalikuwa mapana, yakitazama kushoto na kulia, yameinama kidogo kurudi nyuma. "Kazi inafanya, inashinda hata ya katikati. Bunduki haitaruka. Lakini iko mubaya kwa mwenye kusimama pembeni. Itamupiga ku uso."

"Itamwumiza?"

"Kama amevaa vya masikio na miwani, hapana. Ataona tu kama mutu anamupiga kofi. Kila risasi, kofi."

"Na kanuni zinairuhusu?"

"Zinaruhusu. Watu tu ndio hawaipende." Akanitazama. "Pembeni yako anasimama nani?"

"Shemeji yangu."

"Beau-frère! Eish, mama."

Pale klabuni kila mtu alikuwa na sehemu yake kwa mpangilio wa kujiunga. Shemeji alisimama ya tisa, mimi ya kumi, ya mwisho. Kulia kwangu palikuwa na tuta la udongo tu. Kushoto alikuwa yeye. Nilizipanga nafasi hizo kichwani mwangu palepale dukani, na moyo ukanitulia kwa namna ambayo haikuwa nzuri.

Nasema ukweli. Ile ya kati ningeimudu. Malipo ya mapazia ya nyumba moja ya wageni yalikuwa mkobani, sijayagusa. Nilichagua ya four-fifty. Fundi akapima hesi za mtutu, yale mapindi ya kufungia breki, akapitisha ufito wa chuma kuhakikisha tundu limenyooka, akaikaza. Nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba hali ya pesa ndiyo iliyoniamulia.

Siku yenyewe asubuhi shemeji alikuja akicheka. "Mke wangu, leo ufumbe yote mawili, labda utapata." Alipoiona breki akaigusa kwa kidole. "Umeivalisha kofia?"

"Nimeivalisha," nikamjibu.

Nilipofyatua ya kwanza, bega langu halikusikia chochote cha kusimulia. Kushoto, ukingo wa kofia yake ulitetemeka na vumbi la mezani likampanda usoni. Aligeuka kunitazama. Nikafyatua ya pili. Ya tatu ilipeperusha karatasi yake ya alama. Sikuwa na haraka. Nilikuwa na muda wangu kama yeye alivyokuwa na wake, nikamsubiri mpaka aweke shavu kwenye kitako cha bunduki, avute pumzi, atulie. Hapo ndipo nilipofyatua, kila mara. Furaha niliyoipata ilikuwa nzito, nikaifurahia bila haya.

Kufikia risasi ya kumi alikuwa ameanza kunisubiri. Kidole changu kikigusa kifyatulio, mabega yake yanapanda. Kufikia zile za haraka alikuwa ameharibika kabisa. Msimamizi, mzee wa Kihindi aliyekuwa akitukagua kwa darubini kutoka pembeni, alipaza sauti kila mtu akasikia: "Namba tisa! Fumbua macho! Unafumba macho kabla ya kufyatua!"

Mwenyekiti akaandika.

Nilimshinda kwa alama ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa mara mbili. Klabu nzima walimshinda. Akachukua ndoo, akainama, akaanza kuokota maganda, na yangu yakiwa ya mwisho chini ya tuta. Nilikuwa nimejitengenezea chai. Alinyanyua uso, macho mekundu kwa vumbi.

"Shemeji, umenifanyia nini?"

"Utani tu," nikamwambia. "Hata pale umebakiza."

Hakucheka. Aliokota na lile nililomwonyesha.

Timu nilikwenda nayo. Mwenyekiti alinipa mkono, akalifuta lile neno la kufumba macho kwenye karatasi zake. Breki ile ninayo mpaka leo na sijaibadilisha, ingawa nimeshapata pesa ya kununua iliyo bora mara nyingi.

Jumapili iliyofuata tulikwenda South Beach kama kawaida. Shemeji alitufungulia mlango, akanipokea mkoba. "Karibu, dada," akasema. Nilidhani ananitania, nikangoja. Mezani alipakua mwenyewe. Akachagua kipande kikubwa cha nyama kuliko vyote sufuriani, akakiweka kwenye sahani yangu kwa mwiko, taratibu, kama anavyopakuliwa mkwe. Halafu akakaa, akamwuliza kaka yake habari za foleni ya malori bandarini.

Mkono haukuja. Mume wangu aliacha kutafuna, akatutazama. Kwetu, shemeji aliyeacha kukutania amekwisha kukutoa katika watu wake, na hilo hamwambii mtu, analiacha ulione mwenyewe.

Nikaisogeza sahani upande wake. "Chukua basi. Si unaona nanenepa?"

"Asante, dada. Nimeshiba."

Wali wake ulikuwa haujaguswa. Nikairudisha sahani mbele yangu, nikakitafuna kipande kile mpaka kikaisha, na sikumwomba radhi.