Kufuli Mchana Mweupe

Fundi kufuli wa mtaa wetu alikuwa na mwiko mmoja: hakufunga duka lake mchana. Akienda kula, au akiitwa kumfungulia mtu aliyepoteza ufunguo, aliweka kigoda katikati ya kizingiti akaondoka. Ukimuuliza, alicheka. "Muuza kufuli akijifungia mchana, watu watasema naye anaogopa wezi. Nani atanunua kwake?" Kigoda kilitosha. Hakuna aliyekiruka.

Naanza na hilo kwa sababu asiyelijua hataelewa yaliyotokea, na siku hizi hakuna anayejua lolote kuhusu jirani yake. Mtu anajua mcheza mpira wa ng'ambo kalala wapi jana, hajui kama mwenzake wa ukuta wa pili kaamka.

Mimi nashona viatu upande wa pili wa barabara, nikitazamana na mlango wake. Tumezeeka hivyo, yeye na tupa zake za kuchongea funguo, mimi na sindano. Kazi alifundishwa na mjomba wake, aliyempiga konde kila alipovunjia ufunguo ndani ya tundu, na hapa mtaani alifika na sanduku moja la vyuma. Nusu ya milango yetu ilifungwa kwa kazi ya mikono yake, wala hakubaki na nakala ya ufunguo wa mtu. "Ufunguo wa mtu ni kama mkewe," alisema. "Huweki wa akiba kwako."

Mkewe alifariki. Binti yake akaondoka kwenda kutafuta maisha, akamwachia mjukuu wa kike, hakurudi. Mzee akamlea. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye vidole vyepesi, na alijua kufungua kufuli kwa waya kabla hajajua kusoma. Rafiki yake alikuwa mmoja tu, binti wa Mama Mkaa, yule mama aliyepanga magunia yake kwenye ukuta wa fundi. Wale watoto walichangia hata chanuo.

Kilichowagombanisha ni simu. Mjukuu alikuwa akimlilia mama yake, rafiki yake akamrekodi, akawatumia wenzao. Shule nzima ikacheka. Kesho yake walikutana penye bomba la maji nyuma ya shule, na mjukuu alikuwa amechukua tupa ya babu yake, ile nyembamba ya pembe tatu isiyo na mpini.

Watu wazima walikuwapo. Kinamama walisubiri maji, na vijana wa gereji walikuwa wamekaa kivulini. Zamani mmoja wao angewatia makofi wote wawili, akawarudisha kwao kwa masikio, na jioni wangekula sahani moja. Siku ile watu walinyanyua simu wakapiga picha. Tupa ikaingia chini ya ubavu wa binti wa Mama Mkaa. Hakufika hospitali akiwa hai. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na minne.

Mjukuu alikimbilia dukani kwa babu yake. Nilimwona akiingia, damu imemtapakaa kifuani. Baada ya muda mfupi mzee akatoka, simu sikioni, uso umempauka.

"Ndiyo, afande. Ni mtoto, afande. Ningemleta mwenyewe, lakini barabara ni hii hii moja na watu wameshajaa."

Akashusha simu, akanitazama. "Wanakuja," akasema. "Gari halina mafuta. Wanatafuta."

Kisha akavuta mlango wa bati, akatungua kufuli jipya msumarini, akafunga. Ufunguo akautia mfuko wa shati. Akakaa juu ya kigoda nje ya mlango, akachukua kipande cha ufunguo, akaanza kukipiga tupa. Mchana mweupe, duka limefungwa.

Watu wakaja, na mbele yao kijana wa gereji amebeba dumu. Polisi walikuwa bado wanatafuta mafuta. Hawa walikuwa nayo dumu zima.

"Shikamoo, mzee," kijana akasema. Hayo ndiyo masalia ya malezi tuliyobaki nayo: mtu anakuja kukuchomea mjukuu, lakini anakuamkia.

"Marahaba."

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usitufanye watoto, mzee. Nyumbani kwako tumeshapekua."

"Mmevunja mlango?"

"Tumevunja."

"Basi mtanitafuta niutengeneze."

Mmoja akacheka, wenzake wakamkata jicho. Kijana akalitikisa kufuli. "Pamefungwa kwa nje," akawaambia.

"Si babu yake huyo kakaa hapo!" mwanamke mmoja akasema. "Amemficha!"

"Humo ndani? Kwenye tanuri la bati, hakuna hata dirisha? Babu gani huyo?" Kijana akanigeukia mimi. "Mzee wa viatu, umemwona?"

"Macho yangu yanaona soli tu, mwanangu. Nyuso zilishanishinda."

Akatema mate. "Twendeni stendi, asije akapanda basi."

Wakaondoka mbio. Fundi akaendelea kupiga tupa. Nilitazama mkono wake: kile kipande kilikuwa kimekwisha meno yote, na bado alikuwa akikiparua.

Ndipo akaja Mama Mkaa, anatoka hospitali, wanawake wawili wamemshika. Akajinasua, akasimama mbele ya duka. Hakumtazama fundi. Alilitazama kufuli.

"Baba," akasema, maana ndivyo alivyomwita siku zote, "leo umefunga."

Tupa ya mzee ikazidi kuparua.

"Tangu nije hapa na gunia langu la kwanza, hujawahi kufunga mchana."

"Ni kweli, mwanangu."

"Yumo."

Nilimwomba Mungu amtie mzee uongo mdomoni, neno moja tu. Akaweka tupa chini. "Yumo," akasema.

"Nipe ufunguo."

Makelele yalikuwa yanarudi kutoka stendi. Mzee akainuka, akautoa mfukoni, akampa.

"Wa pili unao?"

"Unajua mimi siweki wa pili."

Mama Mkaa akaenda mlangoni, akaegemeza paji la uso kwenye bati lile la moto. "We mtoto," akasema. "Unanisikia?" Ndani chuma kikaanguka.

"Mama!" Kijana wa gereji alikuwa amefika, anahema. "Stendi hayupo. Tumerudi tuvunje hapa."

Mama Mkaa akageuka, ufunguo ameufumbata. Akakivuta kile kigoda hadi kwenye kizingiti, akakikalia.

"Hapa havunji mtu."

"Mama, sisi tunamlilia mwanao!"

"Mwanangu alipokuwa anapigana ulikuwa wapi? Si ulikuwa pale? Nani kati yenu alimshika mwenzake mkono? Haya, toa simu yako. Nionyeshe na mimi nimwone mwanangu anavyokufa."

Kijana akaisukuma simu ndani zaidi mfukoni.

"Nataka kumuuliza kwa nini," Mama Mkaa akasema. "Mkimchoma nitamuuliza nani? Majivu? Majivu nayajua mimi. Hayajibu."

Walisimama pale, wananung'unika, dumu likatuliwa chini. Lakini kigoda kilikuwa mlangoni, na hakuna aliyekiruka. Polisi walipokuja, walikuja kwa miguu. Mama Mkaa akafungua kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto akapita karibu yake, amejikunyata. Mama hakumgusa.

Baada ya hapo redio zikapata la kusema. Mmoja alipiga simu akitaka mtoto anyongwe, mwingine akilaumu simu, naye anasema kwa hiyo hiyo simu. Mkubwa mmoja akaja na wapiga picha, akaahidi ukuta kuzunguka lile bomba. Hakuna aliyeuliza wale watu wazima walikuwa wanasubiri nini. Na mtaa, mlango baada ya mlango, ukang'oa makufuli ya mzee. "Si kwamba tunakushuku, mzee wetu," walimwambia, huku bisibisi ikizunguka.

Mama Mkaa alipata nafasi ya kuuliza swali lake mahakamani, milango imefungwa kwa kuwa ni kesi ya mtoto. Mzee alinisimulia. Mtoto alisema, "Sijui, mama." Kisha akasema, "Nilitaka wanyamaze." Jibu likawa hilo tu. Hakimu akampeleka shule ya maadilisho mpaka atimize miaka kumi na minane.

Mama Mkaa alihamishia magunia yake upande wangu wa barabara. Hajasema na mzee tena. Na ule ufunguo hakuurudisha.

Mzee angeweza kuchonga mwingine kabla hujamaliza kunywa maji. Hajachonga. Kufuli linaning'inia wazi kwenye pete yake, na sasa hata usiku mlango haufungwi. Kuna kigoda tu.

"Utaibiwa," nilimwambia.

"Ufunguo anao mwenyewe," akasema, anatazama magunia ya mkaa huku kwangu. "Siku akitaka kufunga, atafunga."