Bibi Aliyeniambia Nisiwakaribishe Mezani

Sitaki ubishi. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa nimelamba kungumanga ikanilevya.

Mimi ni dobi wa hoteli moja hapa Bagamoyo, na poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana dau, nimefundishwa na wageni. Jumapili moja bosi akatuandalia mashindano wafanyakazi, bila kiingilio, zawadi friza. Jamani, niliitaka friza ile! Nauza barafu za ubuyu, na nilikuwa nimechoka kuomba nafasi kwenye friza ya jirani.

Ila nilicheza kipwani. Nikipata karata nzuri naweka dau dogo, kila mtu anaingia, karibu, karibu. Halafu mwenye karata za ovyo anabahatisha, ananichapa. Kufika alasiri nilikuwa nimebakiwa na chipu chache za kuwekea dau, wenzangu wana marundo.

Ndipo nikapewa wafalme wawili. Watu watatu walikuwa wameshaingia kwa dau la chini, hakuna aliyepandisha, nami nikataka kuingia vivyo hivyo. Kutupa jicho, kiti cha pembeni kina bibi kizee, kajitanda kanga, vidole vimejaa hina mbichi.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Meza nzima ikacheka. "Mwenzetu anaamkia karata!"

Kumbe hawamwoni. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Bibi akanishika mkono. "Marahaba, mjukuu wangu. Hao wangekuwa na kitu wangepandisha. Unawakaribisha wa nini? Weka zote, wafukuze."

Nikasukuma zote. Wawili wakatupa karata, wa tatu akanifuata na karata mbili za kumi, wafalme wangu wakamlaza. Kugeuka nimshukuru, kiti kitupu. Tangu hapo kila karata nzuri nikasukuma bila haya, na friza nikaondoka nayo.

Alama za vidole vyake zilibaki mkononi. Hina gani inakaa mwaka? Sabuni zote za dobi zimeshindwa. Mama alipoziona akalia. "Kidole hiki kilichopinda ni cha mama yangu," akasema. Bibi huyo alikufa sijazaliwa. Alikuwa na mgahawa wake wa vitumbua, wakala ndugu, wakala majirani, halipi mtu, hadi akafa amelalia mkeka wa kuazima.

Mimi nina raha zangu, barafu zinauzwa. Nawe ukimwona mtu ambaye wenzio hawamwoni, usikimbie. Mwamkie, umsikilize. Huenda amekuja kukwambia kile ambacho yeye hakupata wa kumwambia.