Mama Stoo na Mkataba wa Sabuni

Kwa miaka kumi na tisa, Mama Stoo ndiye aliyefungua ghala la kampuni ya Kijani kabla dereva wa kwanza hajapiga honi getini. Jina hilo alibandikwa na wapakiaji, likamganda mpaka meneja mwenyewe akawa analitumia vikaoni. Kampuni yenyewe ilikuwa haitengenezi kitu hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kutunza mali za viwanda vya watu na kuzifikisha madukani: betri za huyu, daftari za yule. Tegemeo lao kubwa lilikuwa sabuni ya maji, ambayo peke yake ilijaza nusu ya ghala.

Halafu kampuni ya Bluu ikajenga ng'ambo ya barabara. Jengo lao lilikuwa refu, sakafu inateleza kwa kung'aa, na kila mpakiaji alitembea na skana ya kusomea katoni kiunoni. Kijani wakapaka geti rangi upya. Bluu wakaleta malori mapya. Kijani wakaahidi kufikisha mzigo kwa siku mbili, Bluu wakasema siku moja. Ikawa hivyo, huyu akikohoa yule anapiga chafya.

Hayo yote Mama Stoo aliyameza. Lililomkwama kooni ni mtu aliyepewa kuongoza ghala la Bluu: mdogo wake wa tumbo moja, ambaye nyumbani wote walimwita Mziwanda.

Mziwanda alijifunzia kazi mikononi mwa dada yake, palepale Kijani. Ni yeye aliyemwonyesha namna ya kupanga katoni juu ya paleti ya mbao zisiyumbe, namna ya kumbana dereva anayedai katoni ziliharibikia getini. Miaka minne baadaye Bluu wakamwita, naye akaenda. Sasa alikuwa na ofisi ya vioo na gari la kampuni, na Jumapili alipoliegesha nje ya nyumba ya mama yao, mama alitoka mpaka mlangoni kulipokea.

"Umeona mwenzako?" mama alisema siku moja, akipakua chakula. "Amewekewa mpaka kiyoyozi."

"Mimi ndiye niliyemfundisha, mama."

"Najua, mwanangu. Naye kichwa chake chepesi, hasahau kitu."

Mama Stoo alijikaza kisabuni, akala. Lakini roho ilimuuma mpaka chakula kikakosa ladha. Usiku alimweleza mumewe kwamba kile kioo cha ofisi kitakuwa kinamwunguza mtu jua lote la mchana. Mumewe akamwambia alale.

Mwaka ule kiwanda cha sabuni kikatangaza zabuni ya kutunza na kusambaza mzigo wake, Kijani na Bluu wote wakaomba. Wakubwa wa kiwanda walipokuja kukagua Kijani, wapakiaji walivishwa fulana mpya zenye mikunjo ya dukani. Mama Stoo aliwatembeza mwenyewe, akataja idadi ya kila safu bila kushika karatasi. Walitikisa vichwa kwa heshima, kisha wakavuka barabara. Kupitia dirishani alimwona Mziwanda akiwapokea, amevaa kofia nyeupe ya kazi, anacheka. Akampa mmoja wao simu, wakaikodolea macho wote. Baadaye alisikia kwamba simu ile ilionyesha kila katoni ilipo, saa yoyote, mahali popote.

Mkataba ukaenda Bluu.

Makabidhiano yalichukua wiki mbili. Siku ya mwisho Mziwanda alikuja na faili, akaketi kwenye kiti kilekile alichokuwa akikalia wakati anafundishwa. Akapitia kurasa moja moja, kalamu mdomoni.

"Dada, hapa wameandika tabaka tano kwenda juu. Ndivyo mnavyopanga?"

"Ndivyo ilivyoandikwa kwenye katoni."

"Kuna lingine lolote ambalo halimo humu?"

Lilikuwepo. Kiwanda kilibadilisha katoni mwaka uleule Mziwanda alipoondoka, na hizi mpya zilikuwa zinanyonya unyevu. Kiangazi tabaka tano zilisimama vizuri. Mvua zikianza, katoni za chini zilikuwa zinalegea kimyakimya, na Mama Stoo aliteremsha mzigo wote hadi tabaka tatu. Hakuna aliyemwagiza wala hakuwahi kuliandika popote. Aliligundua kwa kupapasa kwa kiganja, asubuhi baada ya asubuhi.

Alimtazama mdogo wake. Aliona saa mpya mkononi, na ile kofia nyeupe juu ya meza.

"Kila kitu kimo humo," alisema.

Mziwanda akamshukuru, akatia saini.

Mvua ziliponyesha, Mama Stoo alianza kusimama dirishani mara nyingi kuliko kawaida yake. Siku ya tatu alishika simu, akatafuta namba ya mdogo wake, akairudisha simu mfukoni. Siku ya sita akafanya vilevile. Alijiambia kwamba ghala la Bluu halivuji, kwamba pengine wana mashine za kukausha hewa, kwamba aliyekabidhiwa ameshatia saini. Na chini ya maneno yote hayo kulikuwa na kitu kingine alichokuwa akikijua vizuri: alitaka safu moja iporomoke. Moja tu, ili mtu aseme kwamba enzi za Mama Stoo mambo hayakuwa hivi.

Siku ya tisa, kabla ya saa sita mchana, ulisikika mshindo kama lori limemwaga mawe. Wapakiaji wa Kijani walikimbilia getini. Povu lilikuwa linatoka kwenye milango ya Bluu na kushuka barabarani, mvua ikilizidisha. Wakaangua kicheko. Mama Stoo naye alicheka, akasikia kicheko chake mwenyewe, kisha akaona dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, anatolewa nje amekumbatia mkono wake wa kulia uliopinda vibaya. Nyuma yake alitoka Mziwanda, bila viatu, sabuni mpaka magotini.

Jumapili iliyofuata Mziwanda alifika kwa mama yao kwa miguu. Gari lilikuwa limerudishwa kampunini mpaka uchunguzi uishe. Hakuketi.

"Dada, ulijua?"

Mama yao aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Nilijua," Mama Stoo alisema.

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Mziwanda alitingisha kichwa polepole, akamuaga mama, akaondoka.

Mama aliepua sufuria. "Kwani alikunyang'anya nini?" aliuliza. Mama Stoo alitafuta jibu, na kila alilolipata lilikuwa la kitoto.

Jumatatu alivuka barabara. Alimwambia meneja wa Bluu habari zote za katoni, unyevu na swali aliloulizwa. Meneja aliandika, akamwomba atie saini, akatia. Barua ya kumwachisha Mziwanda kazi, iliyokuwa tayari imechapwa, ikachanwa. Upande wa Kijani, habari zilifika kabla yeye hajarudi getini. Wengine walimwita shujaa kwa ile siri, wengine msaliti kwa kuisema. Meneja wake hakumwita chochote. Alimhamishia kwenye dawati la mizigo iliyorudishwa, akampa ghala mtu mwingine.

Sabuni yenyewe haikurudi Kijani, wala haikubaki Bluu. Kiwanda kiliwachoka wote wawili, kikaipa kampuni ya tatu yenye malori meupe, ambayo hakuna aliyekuwa akiijali.

Kwa dereva wa foklifti Mama Stoo alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza mkewe alimwambia amelala. Mara ya tatu alimfungulia mlango.

Mziwanda hakumsemesha kwa miezi minane. Kilichowakutanisha ni ugonjwa wa mama yao. Ilibidi wapokezane kumwuguza, na huwezi kumwachia mtu mgonjwa bila kumwambia dawa amekunywa saa ngapi. Kutoka kwenye dawa wakafika kwenye mengine. Siku moja Mziwanda alimweleza kwamba Bluu wamempandisha cheo tena, sasa ataangalia maghala mawili.

"Hongera," Mama Stoo alisema.

"Unaumia?"

Mama Stoo alikunja shuka la mama yake, akalinyoosha kingo, akaliweka kando.

"Naumia," alisema. "Hebu niambie hilo la pili liko upande gani."

Mziwanda akavuta kigoda, akaketi, akamweleza.