Mama Mvuke na Magauni ya Rangi Tatu

Alizaliwa siku ya Jumapili, kengele ya misa ya pili ikilia, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mtoto wa sita wa fundi viatu na mkewe. Mkunga alisimulia mpaka uzeeni kwamba mtoto huyo hakulia. Alifumbua macho, akamtazama kila aliyekuwamo chumbani, mmoja mmoja, kama mgeni anayetaka kuwajua wenyeji wake. Hakusema neno mpaka alipotimiza miaka mitano, na hata aliposema, maneno yalimjia polepole, moja leo, jingine kesho. Shangazi yake, ambaye ulimi wake haukuwahi kuchukua likizo, alimwita Zuzu. Jina likashika. Mtaa ukalipokea, mwalimu akaliandika kwenye daftari la mahudhurio, na wazazi wote wawili walipokwisha kuzikwa, ni jina hilo lililompeleka hospitali ya wagonjwa wa akili akiwa na miaka kumi na tisa. Shangazi alimshika mkono mpaka mapokezi, akamwambia karani, "Huyu ni zuzu tangu tumboni, mwanangu. Hata usijisumbue kumhoji." Karani hakujisumbua.

Upande wa wanawake ulikuwa na magauni ya rangi tatu. Meupe yalikuwa ya watulivu, ya kijivu ya wakorofi, na ya rangi ya udongo yalivaliwa na wale walioandikwa kwamba hawaponi. Utaratibu huo ulitungwa ili kazi iwe nyepesi, na kweli ilikuwa nyepesi, maana nesi hakuhitaji kumtazama mtu usoni. Mwenye gauni jeupe akisema jino linamuuma, aliitiwa daktari wa meno. Mwenye gauni la udongo akisema maneno hayo hayo, iliandikwa "anapiga kelele." Zuzu alipewa la kijivu, kwa kuwa alichelewa kujibu maswali na kuchelewa kwake kukahesabiwa kiburi. Na kwa kuwa alikuwa na mikono ya kazi, akapelekwa kufua.

Chumba cha kufulia kilikuwa na masufuria makubwa matatu, kila rangi na lake, sakafu ya saruji iliyolika katikati, na mvuke usioisha. Humo wito wa Mungu ulimfikia, Alhamisi ya wiki ya kwanza ya Kwaresima, akiwa na miaka ishirini na sita. Wanawake wa wodi zote walikuja kuchukua mashuka, na mvuke siku hiyo ulikuwa mzito hata ukawafika shingoni. Nguo zikapotea. Zilibaki nyuso tu, zikielea polepole kama taa ndani ya ukungu, na hakuna ambaye angeweza kusema uso huu ni wa rangi gani. Akasikia, si kwa masikio, kama alivyomweleza padre baadaye, "Hivi ndivyo ninavyowaona." Alisimama na mti wa kukorogea mkononi mpaka maji yakafurika miguuni pake. Matroni alimkaripia weee, akachoka mwenyewe. Tangu siku hiyo alimtazama kila mtu usoni kwanza, kwa muda mrefu, na wagonjwa wakaanza kumwita Mama Mvuke. Jina hilo alilipenda, akawa analicheka kwa kuziba mdomo.

Miongoni mwa waliovaa udongo alikuwamo mwanamke mmoja, fundi cherehani, aliyeletwa na shemeji yake wiki mbili baada ya kufiwa na mume. Shemeji alikuwa ameikodolea macho karakana yake ya kushonea. Siku ya kwanza fundi alivunja kioo cha dirisha kwa hasira, akavalishwa udongo, na kwa miaka saba hakuna aliyerudi kumuuliza kitu. Huyo ndiye aliyempenda Mama Mvuke kama ndugu wa tumbo moja, na maneno hayakumwishia.

"Dada, tazama mshono huu," alimwambia, akivuta kwapa la gauni. "Aliyeshona hili alikuwa na ugomvi na binadamu."

"Vumilia," Mama Mvuke akajibu, baada ya kufikiri kidogo. "Huenda alikuwa mgonjwa."

"Basi angevaa yeye."

Ikawa mwezi wa sita, Mama Mvuke akiwa na miaka thelathini na mbili, likatoka tangazo kwamba Jumamosi gari litakuja kuwahamishia wasiopona kwenye nyumba ya mbali, na kila mtu alijua kwamba huko hawarudi. Orodha haikuandika watu. Iliandikwa tu: wanawake kumi na mmoja, magauni ya udongo. Fundi aliposikia, yule msemaji sana, alinyamaza siku mbili mfululizo, na kunyamaza huko kulimchoma Mama Mvuke kuliko kilio.

Alhamisi alichemsha magauni yote ndani ya sufuria moja. Wapo wanaosema alisinzia, lakini wasemao hivyo hawajawahi kufua hata leso. Padre alipomuuliza kama alikusudia, alijibu, "Mkono ulikwenda wenyewe, Padre. Mimi niliuachia." Akatia na buluu ya kufulia, akakoroga mpaka jioni akisali. Ijumaa magauni yalipoanikwa yalikuwa ya rangi moja isiyo na jina, kama anga kabla ya jua kuchomoza, na wodi zote zikavaa anga hilo. Manesi walizunguka kama watu waliopotea nyumbani kwao. Kila mgonjwa alipewa kijiko, ambacho zamani kilikuwa cha weupe tu. Nesi mmoja kijana alikaa kitandani pa fundi akamsimulia habari za mchumba wake, na fundi akamshonea kola iliyofumuka, akimshauri aachane naye.

Jumamosi Daktari Mkuu alisimama mbele ya wanawake sitini na orodha yake.

"Nani walikuwa wa udongo?"

"Sote tulikuwa weupe, Daktari," wakajibu.

"Mimi nilikuwa bosi wako," akadakia bibi mmoja, na mistari yote ikacheka.

Hakuwa na njia nyingine ila kuvuta kiti na kuzungumza na kila mmoja. Alianza saa tatu asubuhi, na saa tisa alasiri alikuwa hajafika nusu. Fundi alimweleza habari ya mume, shemeji na kioo, kwa utaratibu, bila kuruka kitu, na Daktari akaiweka kalamu chini. Gari liliondoka tupu. Kisha akaja chumba cha kufulia, uso umemvimba.

"Umenivurugia hospitali nzima."

Mama Mvuke alimtazama kwa muda mrefu. "Mimi nimefua nguo tu, Mkuu. Kama bila nguo huwajui, basi miaka yote hii ulikuwa unatibu magauni."

Kwa maneno hayo alishonewa gauni jipya la udongo, yeye peke yake, akafungiwa chumba cha mwisho, na manesi wakakatazwa kusema naye. Miezi minne baadaye fundi aliruhusiwa, akamtoa shemeji karakanani kwa amri ya mahakama. Kila Jumapili alifika getini. Karani alisema ni ndugu tu wanaoruhusiwa, na kitabuni mgonjwa huyu hakuandikiwa ndugu yeyote. "Andika dada," akasema fundi. Akaandika. Miaka tisa walikaa wakitazamana kupitia dirisha la waya, mmoja akiongea, mwingine akitabasamu.

Mama Mvuke alifariki Jumanne asubuhi, miaka arobaini na moja tu, kwa homa ya mapafu, fundi akimshika vidole kupitia waya. Waliokuwapo wanashuhudia kwamba chumba kilijaa ukungu mweupe, laini, ingawa nje kulikuwa na jua kali, na kwamba kwa muda hawakuonana isipokuwa nyuso. Daktari Mkuu alikuwa miongoni mwao. Alilia, na wiki iliyofuata magauni ya rangi yalifutwa.

Nasi tunaomwadhimisha tusiishie kuwasha mishumaa. Mtaani kwetu yupo mtu ambaye tumekwisha kumwandika: kichaa, mzigo, asiyefaa. Tunamjua, tunapita upande wa pili wa barabara. Nenda kesho, wewe mwenyewe, ukae naye pale anapokaa. Usimuulize ana nini. Muulize anapenda nini. Huenda akacheka kwanza. Wengi hucheka, kwa kuwa ni zamani sana tangu waulizwe.