Mkono Aliopewa Rais

Lorna Vandekamp hakumwamini mtu. Miaka thelathini na minane alitunza picha za ziara za Rais katika hifadhi ndogo ya mji wetu, hapa Iowa, na kila wiki alitokea mtu kudai kwamba yule aliye karibu na Rais ni baba yake. Mimi nilikaa meza ya jirani, nikimsikia akiwatimua. Ukiwasikiliza wote, Rais alikunywa kahawa katika kila jiko la wilaya.

Jumanne moja akaja Merle Stadler, mkulima wa mahindi. Aliomba picha ya Rais na viongozi wawili wa chama wa jimbo. Nyuma ya picha hiyo Lorna alikuwa ameandika kwa penseli: kutoka kushoto, Stadler, Rais, Haugen. Rais anampa mkono mtu wa kulia. Viongozi wote wawili wamevaa kofia pana, nyuso zimemezwa na kivuli.

"Anayepewa mkono ni baba," alisema Merle.

"Ni Seneta Haugen. Huoni maandishi?"

"Mama, baba alikufa akiitwa Stadler Mwongo, kwa kusema Rais alimpa mkono. Hata kanisani!"

"Basi huenda walimjua vizuri."

Nilimchukia Lorna kwa jibu lile. Merle hakubanduka.

"Kwani Rais alitumia mkono wa kushoto?"

"Usinichezee akili, mzee."

"Sasa mbona wanasalimiana kwa mkono wa kushoto?"

Shingo upande, Lorna alichukua kioo cha kukuzia, akimkodolea Merle macho kana kwamba ataiba kitu. Aliinama juu ya picha. Kisha akaenda kabatini, akatoa filamu yenyewe, akaiinua dirishani.

Aliyeisafisha picha alikuwa ameigeuza filamu, kulia ikawa kushoto. Majina yalinakiliwa sawasawa kutoka daftari la mpiga picha. Lorna alisoma majina miaka yote ile, hakuwahi kutazama mikono.

"Ni baba yako," alisema.

Merle alikaa kitini, akajifuta macho bila kuona haya.

"Aliwahi kuja hapa kutafuta ushahidi, mwaka niliooa. Alirudi kimya, hakumtaja tena Rais mpaka anakufa. Sijui alimkuta nani."

Wakati ule ofisi ilikuwa na wafanyakazi sita. Lorna angeweza kunyamaza, nami nilidhani atanyamaza.

"Alinikuta mimi," alisema. "Nilimwambia aone aibu, mtu mzima kama yeye."