Jina la Baba Mkwe

Dada yangu anasikia sauti za watu ukutani tangu alipojifungua mtoto wake wa mwisho. Juzi nilimpeleka kliniki, na daktari akaanza kumpima kumbukumbu. Leo ni siku gani? Akajibu. Unaishi wapi? Pasiansi. Baba mkwe wako anaitwa nani? Hapo akainamisha kichwa, kimya. Daktari akarudia swali, kisha akaniambia kwa upole kwamba huenda ugonjwa umeanza kula kumbukumbu.

Tulipotoka nje nikamuuliza dada inakuwaje asahau jina la mzee anayeishi naye nyumba moja. Aliniangalia kama vile mimi ndiye nisiye na adabu.

"Tangu lini kwetu Magu mwanamke akataja jina la baba mkwe? Au na wewe umeanza kuumwa?"

Nilikuwa nimejisahau. Mwiko huo tulifundwa pamoja. Nikageuka nirudi ndani nikamwambie daktari kwamba kichwa cha dada yangu ni kizima kuliko changu. Akanishika mkono, akanong'ona.

"Na wewe usilitaje humo ndani. Wale wa ukutani bado hawalijui."

Nikabaki mlangoni, sijui tena nimwambie daktari nini.