Kama Gari la Moshi Litarudi

Juzi nilipanda treni ya enzi za ukoloni, iliyofufuliwa kwa ajili ya watalii wanaotaka kuona milima. Ilipopuliza mvuke, harufu ya mafuta ya moto ilinifikia, nikajiona tena kwenye stesheni moja upande wa Maswa, msichana mdogo mwenye jicho lililovimba.

Bibi alikuwa ananipeleka hospitali Mwanza. Lakini gari la moshi lilipoingia, aligoma kupanda. Mavuno yaliyopita lori lilikuwa limetuhamishia kijiji cha ujamaa. Tuliambiwa twende tukaangalie tu, na nyuma yetu nyumba ikabomolewa.

"Na hili linarudi?" alimuuliza mkaguzi wa tiketi.

"Linarudi kesho, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Hata wale wa lori walisema hivyo. Wewe utarudi nalo?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi tutakaa ulipo wewe."

Mkaguzi alicheka, lakini Bibi alikuwa ameshamshika mkono wa koti. Tulisafiri hivyo hivyo, tumesimama naye mlangoni, Bibi akikariri kila kilima tulichokipita ili aijue njia ya kurudi kwa miguu.

Jicho langu lilipona. Baada ya wiki moja treni ikatushusha palepale tulipopandia. Bibi aliitazama ikiondoka, hakushukuru mtu.

"Leo imerudi," aliniambia, akinivuta mkono. "Twende upesi, tukaone kama kijiji bado kipo."